Vidole vya shangazi na seli zinazojila

Shangazi yangu wa Newala kabangua korosho miaka na miaka, msimu ukichanganya vidole vyake vyeusi kama vimechovywa lami, yale mafuta ya ganda yanaunguza mpaka ngozi inabanduka. Juzi kaniuliza, "Baba, we si umesomea mambo ya seli, hii ngozi inayorudi inatoka wapi?"

Iko hivi. Kwenye tabaka la chini la ngozi ya juu kuna seli shina, zinagawanyika, watoto wao wanapanda juu kuziba pengo. Kwenye msuli nazo zipo ila zile muda mwingi zimelala mpaka uumie. Sasa kulala kwenyewe si kukaa bure, seli inafanya usafi kwelikweli: protini zilizoharibika na mitokondria mbovu (mitambo ya nishati ya seli) zinafungwa kwenye kimfuko, kimfuko kinaungana na laisosomu, kifuko cha kumeng'enyea, humo vimeng'enya vinafumua kila kitu na spea zinazofaa zinarudi kazini. Ndo otofaji, jina alilolitoa Christian de Duve mwaka 1963, kwa Kigiriki ni kujila mwenyewe. Fundi baiskeli hafanyi tofauti, ile mbovu hatupi, anaifumua anapata spoku.

Chembe nyekundu ya damu inaishi siku kama 120 inaondoka na uchafu wake, basi. Seli shina ni mkaaji wa kudumu bwana, uchafu ukirundikana atawarithisha na watoto. Mwaka 2016 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba kwenye panya wazee usafi huu unazorota, seli shina za msuli zinachoka kabisa, msuli ukijeruhiwa haziitikii, na wakiurudisha usafi zinaanza tena kufanya kazi. Hilo mimi lilinishtua, nilidhani uzee ukishaingia umeingia.

Mjapani Yoshinori Ohsumi, aliyepata tuzo ya Nobel 2016 kwa kuichunguza otofaji, alizishindisha njaa hamira zilizokosa vimeng'enya vya kuvunjia, vimfuko vikajaa ndani akaviona kwa hadubini. Shangazi akadakia, "Kumbe nikifunga Ramadhani vidole vinapona!" Nikacheka, nikamwambia hamira si shangazi, kwa binadamu bado hatujafika huko, na wale wa mtandaoni wanaouza vidonge vya kuamsha seli shina asiwape hata mia, hela hiyo anunue glavu.

"Glavu zinateleza," akasema, akachota majivu akajipaka vidoleni, akavuta ungo wake.