Almasi haitokani na makaa ya mawe

Nimechoka kuulizwa swali hili, na wanaouliza si watoto wa shule. Ni watu wenye leseni za uchimbaji, wengine wameshaanza kusaka mtaji: "Mtaalamu, kwetu makaa ya mawe yamejaa. Tukishuka chini zaidi si tutaikuta almasi?"

Hamtaikuta. Almasi nyingi zilizopimwa zina umri wa miaka bilioni 1 hadi bilioni 3.5. Mimea ya nchi kavu, ambayo ndiyo iliyozaa makaa ya mawe, haijatimiza hata miaka milioni 500. Makaa ya Kiwira na Ngaka, kusini mwa Tanzania, ni ya juzi zaidi: yana miaka milioni 250 hadi 300 hivi. Mjukuu atamzaaje bibi?

Halafu kuna kina. Makaa hulala kwenye miamba tabaka, kilomita chache tu kutoka juu. Almasi huumbika kilomita 150 na zaidi chini ya mabara ya kale, ambako mgandamizo unapita mara 45,000 ule wa hewa tunayovuta na joto ni nyuzi 900 hadi 1,300. Kaboni yake ilikuwa huko tangu zamani, ingawa sehemu nyingine ilishushwa na sakafu za bahari zilizozama. Almasi ya Mwadui, mkoani Shinyanga, ilipandishwa na mlipuko wa kimbalaiti, mwamba wa volkano utokao kina kirefu, takriban miaka milioni 50 iliyopita, ikiwa tayari ni kongwe.

Makaa yakibanwa na kupikwa vya kutosha ndani ya ukoko wa dunia huishia kuwa kinywe, yaani grafaiti, ile ya ndani ya penseli. Kaboni ni ileile ya almasi, mpangilio wa atomi ndio tofauti. Kinywe kweli hugeuka almasi: mwaka 1954 General Electric ya Marekani ilifanikisha hilo kwa mashine, ikisaidiwa na metali iliyoyeyuka. Na mwendo wa kurudi upo pia. Beni Bousera, Morocco, kuna kinywe chenye umbo la fuwele za almasi, kwa sababu mwamba ulipanda taratibu mno, ungali na moto, na almasi ikageuka. Ndiyo maana kasi ya kimbalaiti ni muhimu: huifikisha almasi juu kabla haijageuka. Kwa hiyo mwenye ndoto ya almasi aache makaa, achekeche mchanga wa mtoni akitafuta ganeti za paropu na ilimenaiti, madini yanayoashiria kimbalaiti iko karibu. Hilo nitalirudia hadi nistaafu.

Kuna na dhana nyingine mbili ninazozisikia kila mara. Ya kwanza: "Almasi halisi haivunjiki kwa nyundo." Huvunjika, tena vizuri sana. Ugumu wake ni wa kukwaruzwa. Ukiipiga, hupasuka kufuata njia nne za fuwele, na mawe mazuri yameharibiwa kwa kipimo hiki cha kijinga.

Ya pili inahusu kusaga sampuli za mawe kwa ajili ya vipimo: "Kusaga hakubadili madini, kunapunguza ukubwa tu." Hili husemwa hata na mafundi wa maabara. Kalsaiti, madini ya chokaa, ikisagwa kwa saa kadhaa, sehemu yake hugeuka aragonaiti, umbo lake jingine ambalo kwa kawaida hudai mgandamizo mkubwa zaidi. Jasi hupoteza maji. Uso wa punje za kwatzi huvurugika, hata mashine ya miale ya eksi, inayotambua madini kwa mpangilio wa atomi zake, isiione kwatzi yote iliyomo. Kisha mteja analalamika majibu ya maabara mbili hayalingani! Saga kwa vipindi vifupi, acha kinu kipoe, na ukiweza saga sampuli ikiwa imeloweshwa kwa spiriti.