Kuhuisha mji wa zamani maana yake nini?

Kuhuisha kumetokana na neno hai. Kukihuisha kitu ni kukirudishia uhai. Neno hili huchanganywa na mengine mawili: kukarabati, ambayo ni kazi ya fundi ya kuziba nyufa na kubadilisha bati, na kuhifadhi, yaani kulilinda jengo lisivunjwe wala kuharibiwa. Kuhuisha mji wa zamani kunayahitaji yote mawili, kisha kunadai jambo la tatu lililo gumu zaidi: watu waendelee kuishi, kuuza na kukutana mle, na wawe na kauli juu ya kinachofanyika.

Nchini Marekani jambo hili lilipata nguvu mwaka 1977, shirika la taifa la uhifadhi lilipoanza majaribio katika miji midogo mitatu, mmojawapo Madison, Indiana. Huko wateja walikuwa wamehamia kwenye maduka makubwa ya nje ya mji, na mitaa ya kati ikabaki na milango iliyofungwa.

Hapa kwetu Iringa tatizo si hilo. Pita Uhindini, mtaa wa maduka ya zamani, au sokoni asubuhi yoyote uone kama kuna pa kukanyaga. Kwetu nyumba ya zamani haifi kwa kukosa watu. Inauawa na thamani ya kiwanja chake: nyumba ya chini yenye kibaraza na milango ya mbao inavunjwa ili ghorofa lenye fremu nyingi lisimame mahali pake. Kwa hiyo kuhuisha, kwa Iringa, ni kutafuta namna nyumba kuukuu itakavyomwingizia mwenyewe kipato cha kutosha hata asione sababu ya kuiangusha. Bila hesabu hiyo, maneno yote kuhusu urithi yatabaki kuwa hotuba.

Mfano mzuri tunao. Boma la Iringa lilijengwa enzi za Wajerumani, likatumika miaka mingi kwa shughuli za serikali. Mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa, kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa uliopata fedha za Umoja wa Ulaya. Kuta ni zilezile, kazi ndiyo iliyobadilika. Na ndani ya kuta hizo za mkoloni sasa inasimuliwa habari ya Wahehe na majirani zao, jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko ukarabati wenyewe. Jina la mji linatokana na lilinga, ngome kwa Kihehe. Ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga ilivunjwa na Wajerumani hao hao mwaka 1894.

Sheria pekee haitoshi kutuokoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mji huu Wajerumani waliuanzisha miaka ya 1890, kwa hiyo hakuna duka hata moja la Uhindini linaloifikia tarehe hiyo. Jengo la baadaye hulindwa likitangazwa rasmi, na yasiyotangazwa yanategemea mwenye nyumba na majirani zake.

Hata nia njema huharibu. Ukuta wa kale uliojengwa kwa udongo na chokaa hupumua. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani, na baada ya masika kadhaa ukuta unaanza kumomonyoka chini ya rangi mpya. Fundi mzee anayejua kuchanganya chokaa ni hazina, na vijana wafundishwe kwake akiwa bado ana nguvu za kushika mwiko.

Ushirikishwaji wa jamii nao mara nyingi hueleweka vibaya. Watu wanaitwa kwenye mkutano, wanaonyeshwa michoro iliyokwisha kuamuliwa, wanasaini karatasi ya mahudhurio. Huko si kushirikishwa. Fundi cherehani wa barazani, mama lishe, machinga na mwenye nyumba waulizwe kabla mchoro haujachorwa, maana wao ndio wanaojua maji ya mvua yanatuama wapi na wateja hupitia upande gani. Na kwa kuwa mtaa ukipendeza kodi ya pango hupanda, wapangaji wa siku zote wawekewe mikataba ya miaka kadhaa mapema, ili aliyevumilia vumbi la ujenzi ndiye afungue duka siku rangi ikikauka.