Mgeni Anayeondoka Kabla ya Kuona Bei

Mwenye duka la leso karibu na Barabara ya Biashara, hapa Mombasa, aliniita akiwa na malalamiko kwamba tovuti aliyoigharamia sana ilitembelewa na watu kila siku, lakini hakuna aliyeagiza hata doti moja. Yeye alikwisha kuamua kwamba leso zake hazipendwi. Nilitoa simu yangu ya pili, ile ya bei nafuu ninayoiweka kwa kazi yangu ya kupima tovuti tu, nikaifungua tovuti yake mbele yake kwa bando la kawaida. Tukasubiri. Alinimiminia kikombe cha kahawa chungu, nami nilikuwa nimekifikisha nusu wakati picha zilipokamilika.

Leso hazikuwa na kosa lolote. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha nne zinazopishana, kila moja ikiwa na megabaiti 5 hivi, kama ilivyotoka kwenye kamera. Jumla yake ni megabaiti 20, na kwa mtandao unaopitisha megabiti 4 kwa sekunde, yaani nusu megabaiti, mzigo huo huchukua sekunde 40. Mteja aliyenunua bando la megabaiti 50 atakuwa amemaliza sehemu mbili kati ya tano za bando lake kabla hajajua bei ya chochote. Google, katika vipimo vyake vya ubora wa kurasa, hutaka kitu kikubwa zaidi kinachoonekana kwenye skrini kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5. Nilizipunguza picha zile upana, nikazihifadhi katika WebP, muundo wa picha unaochukua nafasi ndogo, kila moja ikashuka chini ya kilobaiti 150, na mwenye duka, ambaye anazijua rangi za leso kuliko mimi, hakuona tofauti.

Wapo wanaonijibu kwamba Mombasa haiwezi kuwa na shida ya kasi, kwa kuwa nyaya za chini ya bahari zinatua hapa hapa. Ni kweli, waya wa TEAMS uliwasili mwaka 2009 kutoka Fujairah. Lakini kutoka ufukweni hadi kwenye simu ya abiria aliye ndani ya matatu kuna mnara unaohudumia watu wengi kwa pamoja, na mara nyingi tovuti yenyewe imehifadhiwa kwenye seva iliyo Ulaya au Marekani, hivyo kila ombi linalazimika kuvuka bahari na kurudi.

Kasi ilipopatikana, tuligundua kwamba mgeni alikuwa akikimbilia ukurasa usiokuwa na jambo alilolifuata. Maandishi ya juu yalisema “Karibu kwenye tovuti yetu”, yakafuatiwa na historia ya duka, kisha dira na dhamira, ambazo sijapata kumwona mnunuzi wa leso akiziulizia. Mnunuzi huyo anataka kujua doti ni bei gani, jina lililoandikwa ni lipi, na kama yuko Voi itamfikiaje. Dukani muuzaji huikunjua leso ikasomwa jina lake hata kabla salamu hazijaisha, lakini kwenye tovuti muuzaji yule yule alikuwa akimtaka mgeni ajisajili kwa barua pepe ndipo aonyeshwe bei. Tuliondoa usajili, tukaweka juu kabisa leso zenyewe, majina yake, bei, gharama ya kutuma na nambari ya till ya M-Pesa.

Nami sina usafi wa kujivunia hapa, kwa kuwa miaka ya nyuma niliwawekea wateja kadhaa yale madirisha yanayoruka mbele ya msomaji na kumwomba ajiunge na jarida, ilhali alama ya kuyafungia ilikuwa ndogo kuliko ncha ya kidole.

Jambo moja humhangaisha mwenye biashara bila sababu, nalo ni kuhesabu kila anayeondoka kuwa hasara. Mtu aliyefungua ukurasa mmoja, akanakili nambari ya simu na kupiga, ameondoka, lakini ni mteja. Google Analytics ya sasa, chombo cha kufuatilia wageni wa tovuti, huhesabu ziara kuwa ya maana ikizidi sekunde 10, au mgeni akifungua kurasa mbili au zaidi, au akifanya tendo ambalo mwenye tovuti amelitia alama kuwa muhimu. Kwa hiyo nilikitia alama kitufe cha kupiga simu na kile cha WhatsApp, na kuanzia hapo mwenye duka akaanza kuulizia hesabu ya vitufe hivyo badala ya idadi ya wageni.

Picha zake zinazopishana bado anazitamani. Tumeafikiana zikae chini kabisa ya ukurasa, zisipakuliwe mpaka mgeni ateremke hadi hapo mwenyewe.