Matilda alipokunja uso: namna ya kusoma hasira ya mwanamke mtawala

Juni 1141 wakuu wa jiji la London walikwenda kumsihi Matilda, binti wa marehemu Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza, awapunguzie fedha alizowataka wamlipe. Kitabu cha Kilatini kiitwacho Gesta Stephani kinasema alikunja paji la uso, akawatolea macho makali, upole wote wa kike ukamtoka usoni, akawafokea. Tarehe 24 kengele za jiji zikapigwa, watu wakamiminika na silaha, naye akatoroka wakati chakula kikiandaliwa.

Wengi wamelimeza simulizi hilo zimazima: kiburi kilimponza. Mimi naanza na aliyeliandika. Jina lake halijulikani, lakini upande wake unajulikana sana: ni mtu wa Stephen, binamu yake Matilda, aliyejitwalia taji Desemba 1135 ilhali mwaka 1127 alikula kiapo pamoja na mabaroni kwamba watamkubali Matilda kuwa mrithi wa taji. Tarehe 2 Februari 1141 Stephen alitekwa na upande wa Matilda vitani Lincoln na kufungwa Bristol. Kwa hiyo mwandishi anatafuta sababu ya mshindi kukosa kutawazwa, na tabia mbaya ya mwanamke ni jibu lisilomgharimu chochote.

Halafu tazama anayopitia juujuu. Mke wa Stephen, naye pia anaitwa Matilda (usiwachanganye), alikuwa ameleta jeshi ng'ambo ya mto Thames, likichoma na kupora. Jiji limebanwa: huku moto, huku mdai. Hapo hata mtawala mwenye ulimi wa asali angepata shida kulala London.

Utamu uko kwenye maneno yenyewe. Kitabu hichohicho kinamsifu mke wa Stephen kuwa ana akili kali na uthabiti wa kiume. Alipopokelewa London baada ya mwenzake kutoroka, eti alisahau udhaifu na ulaini wa kike akajikaza kiume. Sisi tungemwita mwanamke wa shoka. Basi kuuvua upole ni aibu kwa Matilda mmoja na sifa kwa mwenzake. Tofauti naiona kwenye nafsi inayopiganiwa: mmoja alimpigania mume aliyefungwa na urithi wa mwanawe, mwingine alidai haki yake mwenyewe.

Ukitaka kupima zaidi, weka hasira ya mfalme kando ya hii. Barua ya mwaka 1166 inamweleza Henry wa Pili, mwana wa Matilda huyuhuyu, akipandwa na mori kwa sababu tu mtu alimsemea vizuri mfalme wa Scotland: akatupa kofia, akafungua mshipi, akavua nguo, akang'oa shuka ya hariri kitandani, akakaa kwenye majani na kuanza kuyatafuna. Aliendelea kutawala hadi alipokufa mwaka 1189. Ghadhabu ya mfalme ilihesabiwa miongoni mwa zana za utawala. Watu waliiogopa, wakalipa ili iwaondokee.

Kuna mtego mmoja hapa. Matilda alitumia cheo cha domina, yaani bibi mwenye mamlaka, na wapo wanaodhani alinyimwa neno malkia kwa kuwa ni mwanamke. Sivyo. Kabla ya kutawazwa, hata mwanamume angeweza kuitwa dominus. Kilichokosekana ni kutawazwa kwenyewe.

Wala simtetei kwamba alikuwa mpole. William wa Malmesbury, aliyeandika kwa ajili ya Robert, kaka yake Matilda kwa baba, haoneshi uso uliokunjwa wala makelele, lakini anadokeza kwamba wenzake Robert wangefuata busara na kiasi chake, mambo yasingewaharibikia. Dokezo hilo, kwa kuwa linatoka nyumbani, nalipa uzito kuliko ukurasa mzima wa Gesta.