Darizi i wapi? Mpangilio wa efekti na kanzu iliyopotea

Mama wa bwana harusi aliketi kwenye stuli kando yangu, katika chumba changu cha kazi Kibokoni, Mombasa, akaitazama video ya mwanawe akitoka msikitini. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, darizi i wapi?" Kanzu ilikuwa tupu kama karatasi ya daftari. Ile darizi ya shingoni, ya uzi wa rangi ya maziwa, haikuonekana hata mshono mmoja. "Kanzu hii nimemshonesha mimi," akasema.

Nilimuomba radhi. Efekti zote nilizotumia zilikuwa sahihi, moja moja. Nilizipanga vibaya.

Harusi ile niliipiga kwa S-Log3, namna ya log ya kamera za Sony inayobana mwanga mwingi ndani ya picha iliyopauka, na kama tufanyavyo wengi, niliongeza mwanga stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili) ili sehemu za kiza zisijae chembechembe. Katika S-Log3, kitu cheupe cha kawaida hukaa kwenye asilimia 61 ya kipimo cha mwangaza, na kila stopu juu ya hapo huongeza kama asilimia 9. Kanzu basi ilikuwa kwenye 79 hivi. Juu yake bado pana nafasi, na darizi imo ndani ya faili, salama. Lakini nodi yangu ya kwanza, yaani hatua ya kwanza ya kuirekebisha picha, ilikuwa LUT, lile jedwali linalogeuza rangi za log kuwa rangi za Rec.709 tunazotazama kwenye televisheni. Kwa LUT niliyokuwa nayo, 77 na 79 na 81 zote zilitoka zikiwa 100. Nodi ya pili ndiyo iliyoshusha mwanga. Sasa ishushe nini? Uzi na kitambaa vilikuwa vimeshakuwa namba moja, vikashuka pamoja.

Katika ukurasa wa rangi wa DaVinci Resolve, programu ninayotumia, picha hutembea kutoka kushoto kwenda kulia. Niliishika ile nodi ya mwanga nikaiburuta hadi kushoto kwa LUT. Ndani ya log, kupunguza stopu mbili ni kutoa tu: 79 toa 18, tumerudi 61. LUT ikapokea kanzu mahali inapoitarajia, na darizi ikatokea, kwanza ukingo wa shingo, kisha vile vishada vinavyoshuka kifuani. Mama akasogeza miwani yake. "Naam, hiyo."

Kila hatua hupokea kile tu ilichoachiwa na hatua iliyoitangulia. Chukua pikseli yenye thamani 100 katika picha ya biti 8, ambayo mwisho wake ni 255. Ongeza 20, kisha zidisha kwa 2, utapata 240. Zidisha kwanza, ndipo uongeze, utapata 220. Hapo hakuna kilichopotea, jibu limebadilika tu. Sasa chukua pikseli mbili jirani, 140 na 150. Zizidishe kwa 2: zinataka kuwa 280 na 300, lakini zote hukatwa kwenye 255. Zigawanye kwa 2 na zote ni 127. Tofauti baina yao haipo tena, wala hakuna kitufe cha kuirudisha. Ukifanya kazi kwa biti 32 za desimali, namba zilizovuka kiwango huhifadhiwa, na hiyo ni nafuu kubwa, ila LUT nyingi hukata hata hapo. Kwa hiyo usiitegemee.

Shida zaidi ni pale programu inapokuwa na mpangilio wake ambao huuoni. After Effects, programu ya efekti za video, kwa kila tabaka, hutengeneza maski kwanza, yaani ukataji wa sehemu itakayoonekana, halafu efekti kutoka juu kwenda chini, halafu ndipo husogeza, hukuza na huzungusha. Kijana mmoja ninayemfundisha aliandika majina ya maharusi, akayatia kivuli, kisha akayazungusha. Kivuli nacho kikazunguka, utadhani jua linalizunguka jina. Alihangaika saa nzima na pembe ya kivuli. Kumbe kivuli hutiwa kabla ya mzunguko, basi huzungushwa pamoja na maandishi. Dawa ni kulifunga tabaka linalozunguka ndani ya komposisheni yake, yaani kifurushi kinachohesabiwa kama tabaka moja, na kivuli ukitie nje, juu ya ile komposisheni. Premiere Pro, programu ya kuhariri video, nayo ni hivyo hivyo: Motion (kusogeza na kukuza) na Opacity (kiasi cha kuonekana) huja baada ya efekti ulizoweka mwenyewe. Ukinoa picha kwa efekti halafu ukaikuza asilimia 200 kwenye Motion, umekuza na ule unoaji, na kingo zote zitakuwa na mistari minene.

Kuna jambo jingine ambalo nalipenda sana, nalo ni taa. Piga feri ya Likoni usiku, kisha utie efekti ya ukungu (blur) ili taa ziwe duara laini. Mara nyingi duara hizo hutoka hafifu. Sababu ni kwamba namba za video hazilingani moja kwa moja na kiasi cha mwanga, kwa kuwa zimeshapindwa na gama, ule mkunjo wa namba unaozipa sehemu za kiza nafasi zaidi. Changanya nusu nyeusi na nusu nyeupe kwa namba zilizopindwa, upate 128. Ichanganye kama mwanga wenyewe unavyochanganyika, kisha uirudishe kwenye sRGB, namba zilizopindwa za skrini za kompyuta, upate 188. Kwa hiyo kunyoosha gama kuje kabla ya ukungu, na kuipinda tena kuje baada yake. Taa huwaka kama zilivyokuwa zikiwaka juu ya maji.

Siku hizi kwangu kusafisha chembechembe huwa kwanza kabisa, kabla rangi hazijavutwa, maana ukishaongeza kontrasti umeziongeza na chembe zenyewe. Kisha mwanga na mizani ya weupe. Kitambaa cha kijani cha nyuma ya mtu, kinachoondolewa ili kuwekwa mandhari nyingine, nakikata hapo, rangi zake zikiwa bado hazijachezewa. Kisha LUT, na baada yake marekebisho madogo ya ladha. Kupunguza kutoka 3840 kwa 2160 hadi 1920 kwa 1080 hufuata, na kunoa huwa mwisho, kwenye ukubwa uleule ambao mama wa bwana harusi atautazama nyumbani kwake.