Asilimia haziokoi upau wa zana

Watengenezaji wengi wa programu za simu hapa Mombasa huamini ukigawa upau wa zana, ule mstari wa vitufe juu ya skrini, kwa asilimia, utakaa sawa kwenye kila simu. Sivyo. Chukua programu ya kuagizia tuktuk: kitufe cha menyu asilimia 10, kisanduku cha kutafutia 80, kitufe cha ramani 10. Kwenye skrini yenye upana wa dp 360 (dp ni kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa pikseli), kila kitufe hupata dp 36, ilhali Android hupendekeza angalau 48. Abiria anayekimbilia feri ya Likoni atabonyeza pembeni tu. Kwenye tableti ya dp 800 kitufe kinavimba hadi 80, cha nini?

Vitufe vipe dp 48 zisizobadilika. Kisanduku pekee ndicho kinyumbuke: ndani ya LinearLayout ya mlalo (kontena la Android linalopanga vitu kwa mstari), upana 0dp, uzito (weight) 1, kimeze nafasi iliyosalia. Kwenye simu ile ya dp 360, kisanduku hupata dp 264.