Mafuta ya vitunguu hayakolei kwa kukaa motoni

Mchuzi ukiwa mwepesi unauacha motoni, maji yanapungua, ladha inakolea. Wengi huyafanyia hivyohivyo mafuta waliyotia vitunguu, na ndipo wanapokosea. Mafuta ya kula hayageuki mvuke kwenye joto la kupikia. Kinachoruka ni harufu yenyewe, kwa kuwa molekuli zake ni nyepesi. Jiko likinukia kupita kiasi, jua kwamba sehemu kubwa ya ulichokuwa unakitafuta imeshatoka sufuriani.

Pilipili ndiyo iliyotudanganya. Ukali wake unatokana na kapsaisini, ambayo huyeyuka kwenye mafuta na hairuki kirahisi, kwa hiyo inavumilia moto wa muda mrefu. Harufu haina uvumilivu huo.

Mimi hukoleza kwa kutoa vitunguu vilivyokwisha kuiva na kutia vipya kwenye mafuta yaleyale. Nakata vitunguu vyembamba, natia mafuta ya kuvifunika tu, maana mafuta yakizidi harufu inatawanyika, kisha moto mdogo. Kitunguu kibichi kina maji karibu asilimia 90, na maji hayo yanapokuwa bado yamo, kipande hakipandi sana kupita nyuzi 100 hata mafuta yawe ya moto zaidi. Angalia mapovu. Yakianza kufifia, maji yanakaribia kwisha, na muda si mrefu vipande vitaanza kubadilika rangi. Ukichuja hapo, unapata harufu tamu ya kitunguu kilichoiva. Ukingoja wekundu wa dhahabu, unapata harufu ya kukaanga, ambayo ni nyingine kabisa. Ukingoja tena, unapata uchungu.

Baada ya kuchuja, mafuta yaleyale yanapokea vitunguu vipya. Awamu ya pili huongeza harufu waziwazi. Ya tatu siipendi: mvuke wa vitunguu vipya unapopanda hubeba pia sehemu ya harufu iliyokwisha kuingia, na faida inakuwa ndogo.

Kitunguu saumu kinataka subira kabla ya moto. Punje nzima haina alisini, kile kinacholeta harufu kali ya saumu. Alisini hutokea pale seli zinapopasuka na kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko, kukutana na aliini, kitu kilichomo kwenye saumu ambacho hugeuzwa kuwa alisini. Joto hukiua kimeng'enya hicho. Kwa hiyo ponda, acha dakika 10, ndipo utie kwenye mafuta. Ukitumbukiza punje nzima utapata mafuta ya upole, nayo yana mahali pake.

Jambo moja halina mjadala. Spora, yaani vijimbegu vigumu, za bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa hatari wa sumu ya chakula) hustahimili nyuzi 100, na ndani ya mafuta hakuna hewa ya kuwazuia kuamka na kutoa sumu. Mwaka 1985 watu waliugua huko Vancouver, Kanada, kwa sababu ya saumu iliyohifadhiwa kwenye mafuta nje ya friji. Sumu hiyo haibadilishi harufu wala rangi, basi usitegemee pua. Mafuta haya yakae kwenye friji, yaishe ndani ya siku 4. Yanayobaki mimi huyagandisha kwenye trei ya barafu, kila kitundu kikitosha sufuria moja.